Kuhifadhi Nywila: Mizani ya Usalama na Urahisi katika Kompyuta za Pamoja, Migori na Homa Bay

Utangulizi

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, kusini mwa eneo la Nyanza nchini Kenya, neno moja linalochapwa kwenye kibodi laweza kufungua siri za maelfu ya watu. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA uliofanywa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13.0 ya wale wa Migori walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI (VVU), ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.9. Kila anayehudhuria matibabu huwa na kumbukumbu zake katika kliniki: jina, umri, kijiji, nambari ya simu, jina la mwenzi wake, tarehe aliyopimwa na kiwango cha virusi mwilini. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU katika hospitali ya Homa Bay mwaka wa 2001, kumbukumbu za aina hiyo zilikuwa ni kadi na majalada ya karatasi yaliyofungiwa kabatini. Kuanzia mwaka wa 2012, mfumo wa kompyuta uitwao KenyaEMR ulianza kusambazwa katika vituo vya afya vya umma. Ufunguo wa kabati ukageuka kuwa nywila.

Mabadiliko hayo yameleta swali ambalo halikuwapo enzi za karatasi. Ufunguo wa chuma ukinakiliwa, fundi huhusika na nakala huonekana. Nywila hunakiliwa kwa kunong'onezwa. Yaweza kuandikwa nyuma ya daftari, kukumbukwa na kompyuta yenyewe, au kutumiwa na watu kumi bila yeyote kati yao kuhisi kwamba ameiba. Makala haya yanaeleza jinsi nywila zinavyohifadhiwa katika kompyuta zinazosimamiwa kutoka mahali pamoja, kwa nini watumiaji hutafuta njia za mkato, na namna usalama unavyoweza kupatana na urahisi. Hoja kuu ni kwamba mambo haya mawili si maadui wa asili. Hugeuka maadui pale msimamizi wa mfumo anapokataza njia rahisi bila kuweka nyingine mahali pake. Ugomvi huo ukizuka, hasara humwangukia mtu asiyekuwapo chumbani, yaani mgonjwa, mwanafunzi au raia ambaye habari zake zimo ndani ya mashine.

Istilahi: nywila na kuhifadhi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa istilahi mbili zifafanuliwe. Ya kwanza ni nywila, yaani neno au mfuatano wa herufi, tarakimu na alama ambao mtumiaji huutoa ili kuithibitishia kompyuta kwamba yeye ndiye. Istilahi hii haiko peke yake. Wapo wasemao neno la siri, na programu za Google hutumia nenosiri. Tofauti hizo ni matunda ya juhudi mbalimbali za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta, mojawapo ikiwa ni ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyozaa programu ya Jambo OpenOffice mwaka wa 2004. Makala haya yanatumia nywila kwa sababu ndiyo iliyozoeleka zaidi katika maandishi ya Kenya.

Istilahi ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi hapa, ni kitenzi kuhifadhi. Neno hili lenye asili ya Kiarabu limebeba maana tatu katika matumizi ya kila siku. Maana ya kwanza ni kukariri: mtoto wa madrasa huhifadhi sura za Kurani kifuani. Maana ya pili ni kuweka kitu ili kije kitumike baadaye: mkulima huhifadhi nafaka ghalani. Maana ya tatu ni kulinda dhidi ya madhara: mbuga ya Ruma, katika bonde la Lambwe huko Homa Bay, ni hifadhi ya wanyama adimu. Katika maisha ya kawaida maana hizi hukaa pamoja bila kugombana, kwa kuwa kilichokaririwa vyema kimewekwa na pia kimelindwa. Katika kompyuta, hata hivyo, zinaachana. Kivinjari kinapomwuliza mtumiaji kama angependa nywila yake ihifadhiwe, kinachotolewa kwa hakika ni ile maana ya pili: kuiweka, na kumwondolea mtumiaji mzigo wa kuikariri. Maana ya tatu, ya kulinda, haimo ndani ya ahadi hiyo isipokuwa kwa masharti maalumu. Sehemu kubwa ya matatizo yanayojadiliwa hapa chini hutokana na kudhani kwamba kilichowekwa kimelindwa.

Kompyuta zinazosimamiwa kutoka mahali pamoja

Kompyuta ya mtu binafsi ina mwenyewe mmoja. Kompyuta ya hospitali, ya ofisi ya kaunti au ya maabara ya chuo kikuu ina wenyewe wengi, na juu yao yupo msimamizi mmoja au idara moja inayoamua nani aingie, aone nini, na programu zipi ziwepo. Katika mifumo ya Windows usimamizi huo kwa kawaida hufanywa kupitia Active Directory, iliyotolewa pamoja na Windows 2000. Seva moja huweka orodha ya watumiaji wote na kanuni za kuwaongoza, na kompyuta zote za mtandao huitii. Msimamizi akibadilisha kanuni moja, mashine hamsini hubadilika. Mfumo wa KenyaEMR nao, uliojengwa juu ya OpenMRS, hufuata umbo linalokaribiana na hilo: kituo huwa na seva yake, na kompyuta za chumba cha mapokezi, cha tabibu na cha dawa huifikia kwa mtandao wa ndani. Inafaa kutaja kwamba OpenMRS yenyewe ina mizizi Kenya. Ilianzishwa mwaka wa 2004 kutokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana, Marekani, uliokuwa ukitibu wagonjwa wa UKIMWI Eldoret.

Nywila zilizaliwa katika mazingira ya namna hii ya kutumia mashine kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) kilikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja. Ili kila mmoja awe na faili na saa zake, walipewa nywila, na nywila zote ziliwekwa katika faili moja ndani ya mashine. Mwaka wa 1962 mwanafunzi mtafiti aitwaye Allan Scherr, aliyetaka saa nyingi kuliko alizogawiwa, aliiomba kompyuta ichapishe faili hilo, nayo ikalichapisha. Mnamo 1966, hitilafu ya programu ilifanya faili la nywila lichukue nafasi ya ujumbe wa kuwakaribisha watumiaji, na kila aliyeingia akaziona nywila za wenzake. Matukio hayo mawili yaliacha somo ambalo bado lina nguvu: mahali pamoja pa kuweka siri zote ni rahisi kusimamia, na kwa sababu iyo hiyo ni rahisi kuibiwa.

Jinsi seva inavyohifadhi nywila

Jawabu la wataalamu kwa somo hilo lilikuwa ni kuifanya seva isizijue nywila kabisa. Wazo hilo lilianza kutumika Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1960 kupitia Roger Needham, kisha likaelezwa kwa upana na Robert Morris na Ken Thompson katika makala yao ya 1979 kuhusu mfumo wa Unix. Badala ya kuiweka nywila kama ilivyo, seva huipitisha katika kanuni ya hesabu inayoenda upande mmoja tu, na kuweka matokeo yake.

Mashine ya kusaga mahindi inatosha kuwa mfano. Mahindi yakiingia, unga hutoka, lakini hakuna mashine inayoweza kuurudisha unga uwe mahindi. Mtumiaji anapoingia tena kesho, seva husaga upya nywila aliyoichapa na kulinganisha unga huu na ule wa kwanza. Zikilingana, mlango hufunguka. Mwizi akiliiba ghala, atapata unga tu.

Hata hivyo, mwizi mwerevu ana mashine yake. Anaweza kuchukua maneno yanayopendwa na wengi, kama vile majina ya watoto, majina ya timu za kandanda au mfuatano 123456, akayasaga moja baada ya jingine hadi apate unga unaofanana na ule alioiba. Kwa ajili hiyo seva hutia chumvi. Chumvi ni herufi za kubahatisha zinazochanganywa na kila nywila kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye nywila moja wawe na unga tofauti na mwizi alazimike kuanza upya kwa kila mtu. OpenMRS huhifadhi nywila kwa njia hii ya kusaga na kutia chumvi. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka wa 2009, wakati kampuni ya Marekani ya RockYou, iliyokuwa ikiweka nywila bila kuzisaga, ilipoibiwa nywila zaidi ya milioni 32 zikiwa zinasomeka wazi.

Kwa hiyo, upande wa seva, elimu ya kuhifadhi kwa maana ya kulinda imekomaa. Tatizo kubwa liko upande wa pili, kwa binadamu aliyekaa mbele ya skrini.

Jinsi mtumiaji anavyohifadhi nywila

Chukulia mfano wa kituo cha afya cha kubuni kilicho karibu na ziwa. Siku ya kliniki ya VVU, ambayo wenyeji huiita kwa herufi zake, CCC, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi tangu alfajiri. Muuguzi, tabibu, mshauri na karani wa data wanapokezana kompyuta mbili. Umeme ukikatika na kurudi, mashine huanza upya na kudai nywila. Kila mfanyakazi ana nywila ya kompyuta, nywila ya mfumo wa wagonjwa, nywila ya barua pepe na nywila ya kutumia ripoti za mwezi. Kila moja imewekewa sharti la herufi kubwa, tarakimu na alama, na kila moja hudai kubadilishwa baada ya muda fulani. Katika mazingira haya watumiaji huhifadhi nywila kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kuikariri. Ndiyo inayofundishwa na ndiyo inayoshindwa upesi, kwa kuwa kichwa kimoja hakimudu nywila nyingi zinazobadilika. Matokeo yake ni mtu kuchagua neno moja jepesi na kulitumia kila mahali, akibadilisha tarakimu ya mwisho tu kila anapolazimishwa.

Njia ya pili ni kuiandika. Karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa skrini imedharauliwa sana, na kwa haki, kwa sababu kila mpita njia huisoma. Hata hivyo, karatasi iliyo ndani ya pochi ya mwenyewe si sawa na ile iliyo ukutani. Mdukuzi aliye ng'ambo ya bahari hawezi kusoma pochi ya muuguzi wa Rongo.

Njia ya tatu ni kuiachia kompyuta iikumbuke. Vivinjari vya kisasa huzifunga nywila kwa maandishi ya fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo hufungamanishwa na akaunti ya mtumiaji katika kompyuta. Hapa ndipo sharti maalumu lilipo. Ikiwa kila mtu anaingia kwa akaunti yake na kuifunga anapoondoka, ulinzi huo una maana. Ikiwa kompyuta ina akaunti moja inayotumiwa na wote, kila anayeketi hupewa ufunguo. Vivinjari vingine hudai nywila ya kompyuta kabla ya kuionyesha nywila iliyowekwa. Hata hivyo, havidai chochote kabla ya kuijaza kwenye ukurasa wa kuingilia. Mwenye nia mbaya hana haja ya kuiona nywila ikiwa mlango unajifungua wenyewe.

Njia ya nne ni kuihifadhi kwa mwenzake, yaani kumwambia. Karani mgeni ambaye akaunti yake haijafunguliwa hupewa nywila ya karani mwenyeji ili kazi isisimame. Jambo hili hufanywa kwa moyo wa kusaidiana, na ndiyo sababu ni gumu kulikomesha kwa makaripio. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema. Mtungi mmoja ukichotwa kwa kata kumi, hakuna ajuaye ni kata ipi iliyotia uchafu.

Methali hiyo inagusa dosari kubwa zaidi ya kushiriki nywila, ambayo ni kupotea kwa uwajibikaji. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa huandika nani alifungua jalada gani na lini. Ikiwa watu kumi wanatumia jina moja, kumbukumbu hiyo haina thamani. Katika kijiji ambamo mapokezi ya kliniki huenda yakashikwa na shemeji, jirani au mwanafunzi mwenza wa zamani, uwezo wa kujua nani alichungulia ndiyo kinga ya pekee aliyo nayo mgonjwa. Kinga hiyo ikiondoka, naye huondoka. Wapo wanaosafiri hadi mji mwingine kuchukua dawa ili wasionekane na wanaowajua, na wapo wanaokatiza matibabu. Mizani inayojadiliwa hapa basi ina afya ya mtu upande mmoja.

Urahisi wa wasimamizi

Lingekuwa kosa kuwalaumu watumiaji wa ngazi ya chini pekee. Wasimamizi nao hupenda urahisi, na urahisi wao una madhara mapana zaidi. Mfano maarufu unatoka kwa Microsoft yenyewe. Pamoja na Windows Server 2008, kampuni hiyo iliwapa wasimamizi njia ya kuweka nywila ya msimamizi katika kompyuta zote za mtandao kwa mpigo mmoja. Nywila hiyo iliwekwa katika faili ambalo kila mtumiaji wa mtandao aliweza kulisoma. Ilikuwa imefungwa kwa fumbo, lakini ufunguo wa fumbo ulikuwa mmoja kwa dunia nzima, na ulikuwa umechapishwa katika maelezo rasmi ya kampuni. Mnamo Mei 2014 Microsoft ilitoa rekebisho lililozuia nywila mpya kuwekwa kwa njia hiyo, ingawa halikuziondoa zile zilizokwisha kuwekwa. Mwaka uliofuata ilitoa chombo kiitwacho LAPS, ambacho huipa kila kompyuta nywila yake ya msimamizi na kuibadilisha chenyewe. Msimamizi hakupoteza urahisi wake. Alipewa urahisi mwingine ulio salama zaidi.

Nchini Kenya, suala la nywila katika mfumo wa pamoja lilifika katika masikio ya umma mwaka wa 2015, wakati wa uchunguzi wa kashfa ya fedha katika Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Afisa mmoja mwandamizi alidai kwamba nywila yake katika IFMIS, mfumo wa fedha za serikali, ilitumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo. Mfumo huohuo ndio unaotumiwa na serikali za kaunti zote 47, zikiwemo Migori na Homa Bay, tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013. Bila kuingia katika hukumu ya nani alisema kweli, tukio hilo laonyesha jambo moja. Nywila ni sahihi. Ikisha kutolewa kwa mwingine, mwenyewe hana njia nyepesi ya kujitetea, na mhalifu anapata njia nyepesi ya kujificha.

Sheria inasemaje?

Sheria za Kenya zimeligusa suala hili kutoka pande kadhaa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kutoa habari za hali ya mtu kuhusu VVU bila ridhaa yake, ila katika mazingira yaliyotajwa, na imeunda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 imefanya kosa la jinai kitendo cha kutoa nywila kwa kujua na bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inamtaka anayezishikilia amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 zikivuja katika hali inayoweza kumdhuru mwenyewe. Sheria hizi ni za msingi. Hata hivyo, sheria haikai mapokezini siku ya kliniki. Karani anayechagua kati ya kifungu cha sheria na foleni ya wagonjwa hamsini atachagua foleni, ila mfumo uwe umemwezesha kutii vyote viwili.

Kuelekea mizani

Yafuatayo ni mambo ambayo, yakichukuliwa pamoja, hufanya njia salama iwe pia njia rahisi.

Kwanza, akaunti moja kwa mtu mmoja. Hili ndilo jiwe la pembeni, kwa maana hakuna hatua nyingine inayofaa bila hilo. Ili litekelezeke, akaunti ya mfanyakazi mgeni yafaa ifunguliwe siku anayoripoti, na ya anayehama ifungwe siku anayoondoka. Kuchelewa kwa msimamizi ndiko kunakozaa kuazimana.

Pili, kuingia mara moja. Katika mradi wa Athena ulioanza MIT mwaka wa 1983 ilibuniwa kanuni iitwayo Kerberos, ambayo sasa imo ndani ya Active Directory. Kanuni hii hufanana na kivuko cha Mbita: abiria hulipa mara moja, akapewa tiketi, na baada ya hapo huonyesha tiketi wala hafungui pochi kila mara. Mtumiaji huchapa nywila asubuhi, hupewa tiketi ya kielektroniki ambayo kwa kawaida hudumu saa 10, na programu zilizounganishwa humpokea kwa tiketi hiyo. Nywila nne hugeuka moja, na moja yaweza kukaririwa.

Tatu, kuzipanga nywila kwa uzito. Si kila nywila ina thamani sawa. Ya kusomea gazeti mtandaoni yaweza kuachiwa kivinjari. Ya kufungulia majalada ya wagonjwa, kuidhinisha malipo au kubadilisha alama za wanafunzi haifai kuwekwa katika kivinjari cha kompyuta ya pamoja. Msimamizi anaweza kuzima huduma ya kukumbuka nywila katika mashine zote kwa kanuni moja. Akifanya hivyo bila kutoa programu maalumu ya kuhifadhia nywila, yenye kufunguliwa kwa nywila kuu moja, atakuwa amezihamishia nywila hizo kwenye karatasi za ukutani.

Nne, kukubali hali halisi ya mtandao na umeme. Mtandao ukikatika, seva haipatikani. Kwa hiyo Windows huweka ndani ya kompyuta kumbukumbu iliyosagwa ya watumiaji wa mwisho, kwa kawaida 10, ili waweze kuingia bila seva. Kuiondoa kabisa kumbukumbu hiyo huongeza usalama kidogo na kusimamisha kazi kabisa. Kupunguza idadi na kufunga chumba kwa kufuli ni busara zaidi mahali ambapo mtandao hauaminiki.

Tano, skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika chache, lakini kuifungua tena kuwe kwepesi, kwa nambari fupi ya siri inayofanya kazi katika mashine hiyo tu, au kwa kadi. Wakenya wamezoea nambari ya siri ya tarakimu nne tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, na hata mzee asiyejua kusoma anajua kwamba haitajwi mbele ya wakala. Mazoea hayo ni hazina iliyo tayari kutumiwa.

Sita, nywila ziwe ndefu kuliko kuwa ngumu. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST), katika mwongozo wake wa 2017, iliacha ushauri wa kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani pasipo dalili ya kuvuja, na kupendekeza urefu badala ya mchanganyiko wa alama. Maneno manne yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ni magumu kubahatisha. Wanafunzi wa Kiswahili watambue, hata hivyo, kwamba methali maarufu au mstari wa shairi linalofundishwa shuleni, hata ukiwa mrefu vipi, si siri, kwa kuwa umekwisha kuandikwa vitabuni.

Nafasi ya Kiswahili

Limebaki jambo moja linalowahusu moja kwa moja wasomi wa lugha. Onyo linaloulizia kuhifadhi nywila mara nyingi hujitokeza kwa Kiingereza, kwa sekunde chache, mbele ya mtu mwenye haraka. Mtu huyo hubonyeza kitufe cha kwanza. Hata linapotafsiriwa, kitenzi kuhifadhi humpa faraja isiyo na msingi, kwani husikia ndani yake sauti ya kulinda. Tafsiri iliyo wazi zaidi ingesema kompyuta ikumbuke nywila hii, na kuongeza kwamba kila atakayetumia akaunti hii ataweza kuingia. Maneno hayo ni marefu kuliko neno moja la kitufe, lakini yanasema linalotendeka.

Hali kadhalika, mafunzo ya matumizi ya mifumo katika Migori na Homa Bay yangefaidika kama yangetolewa kwa Kiswahili, na inapobidi kwa Kijaluo au Kikuria, kwa istilahi zilizokubaliwa na wote. Mfanyakazi anayeambiwa nywila leo, neno la siri kesho na pasiwadi keshokutwa anaweza kudhani ni vitu vitatu. Idara za Kiswahili vyuoni, zikiwemo zilizo karibu na kaunti hizi, zina wajibu wa kushirikiana na wataalamu wa kompyuta katika kuandaa miongozo mifupi ya ukurasa mmoja inayoweza kubandikwa pale inapohitajika.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba seva zimejifunza kuhifadhi nywila bila kuzijua, lakini binadamu bado huzihifadhi vichwani, karatasini, vivinjarini na kwa wenzao, kila njia ikiwa na gharama yake. Imeonekana kwamba katazo lisilo na njia mbadala huzaa siri za pamoja, ambazo si siri tena, na kwamba mifumo inayotoa akaunti kwa wakati, kuingia mara moja na skrini inayofunguka upesi humpunguzia mtumiaji sababu ya kuvunja kanuni. Uamuzi wa namna ya kuhifadhi nywila huachiwa mara nyingi idara ya kompyuta peke yake. Kwa kuwa anayeumia ni yule aliye kwenye benchi akisubiri kuitwa, uamuzi huo unapaswa kufanywa pamoja na wauguzi, makarani na wawakilishi wa wagonjwa, kwa lugha ambayo wote wanaielewa.